Santuri ya Kufunikia Mtungi

Yakhe, keti. Sogea hapo, ubao huu wa Ukunda haujawahi kumkataa mtu, na mwembe una kivuli cha kututosha sote. Mzee wa kahawa, mmiminie mwenzetu kikombe, na kashata moja juu. Haya. Sasa nisikilize, maana niliyoyaona tangu Jumatatu yamenijaa kifuani, nisipoyatoa leo sitapata usingizi.

Jumatatu baada ya Alasiri tuktuk ilisimama pale, ikashusha kijana wa mtaa huuhuu. Jina lake nalisitiri kwa heshima ya mamake. Alikuwa amekumbatia kitu kimefunikwa leso, amekibeba kama kitoto cha siku saba. Akakitua hapa katikati yetu, akaivuta leso, na lahaula! Tarumbeta la shaba lang'aa mpaka kuku wakakimbia. Chini yake sanduku la pembe nane, ubavuni mpini wa kuzungushia, mbele kibati chenye picha ya mbwa ameinamisha kichwa anasikiliza. Gramafoni. Kijana akajikohoza, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akasema, "Wazee wangu, hii ni ya mwaka 1905. Nimetoa elfu 38. Nikiifikisha mnadani Ulaya haishuki milioni tatu."

Milioni tatu, jamani! Kijiwe kizima kikanyamaza, hata fundi wa bodaboda akaacha kugonga. Kisha mzee wetu mmoja, aliyefanya kazi kiwanda cha sukari cha Ramisi enzi zake, akafyonya msonyo mrefu uliotoka huko tumboni, akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Na hilo gunia lenyewe limeshonwa jana."

Wala hakusema kwa husuda. Alipiga magoti mchangani akaanza kumwonyesha. Mbao zanukia vanishi. Sanduku la zaidi ya miaka 100 hunukia vumbi na mafuta ya mashine. Skrubu zina kichwa cha msalaba, na skrubu za namna hiyo hazikuingia sokoni mpaka miaka ya 1930, sasa zilifikaje kwenye kitu cha 1905? Kiwiko kinachounga tarumbeta na mkono wa sindano ni kinene, kimechomelewa ovyo kama bomba la maji ya mvua. Kibati cha mbwa kimegandishwa kwa gundi, tena kimekaa upande. Akafungua chini, akachungulia, akacheka kwa huzuni: injini ya springi imetolewa kwenye gramafoni ya mkoba, ikavishwa kanzu isiyo yake.

Vitu hivi, ndugu yangu, huundwa India. Kuna karakana huko zinazokusanya mabaki ya gramafoni za zamani, zikayatilia sanduku jipya na tarumbeta jipya, na katika soko la Chor Bazaar, Mumbai, yamejaa tele. Wazungu wenyewe huuziwa hayo hayo, wakayapeleka kwao, wakayaweka sebuleni. Maana macho ya binadamu hupenda kinachong'aa! Na ukweli ni kwamba hilo tarumbeta la nje lilianza kupitwa na wakati mapema sana. Mwaka 1906 kampuni ya Victor ya Marekani ilitoa Victrola, tarumbeta likafichwa ndani ya kabati. Gramafoni nilizozikuta mimi kwenye nyumba za wazee, kuanzia Tiwi hadi Vanga, zilikuwa zile nyeusi za mkoba, zafungwa kama sanduku la safari. Kampuni ya HMV ya Uingereza iliiunda ile namba 102 kuanzia 1931 mpaka karibu na mwisho wa miaka ya 1950. Sasa akija mtu na hiyo nyeusi, imekwaruzika, haina tarumbeta, haina mng'aro, watu wamwambia toa takataka yako hapa. Mwenye kitu ndiye huyo! Loo, loo, loo.

Na huyo mbwa ana kisa chake, ngoja nikupe. Mchoraji Francis Barraud, Mwingereza, alimchora mwaka 1898 akisikiliza mashine ya Edison, ile ya silinda. Kampuni ya Gramophone ikamwambia, futa mashine hiyo, tia ya kwetu, tutakulipa. Akafuta, akapaka yao juu. Akapewa pauni 100: 50 za picha, 50 za haki ya kuitumia. Inasemekana ukiitazama picha ile halisi kwa mwanga wa ubavuni, mashine ya kwanza yaonekana bado chini ya rangi. Basi miaka zaidi ya 120 dunia nzima imekuwa ikimwangalia mbwa anayesikiliza kitu kilichopakwa juu ya kingine. Ndiyo kusema huyu mbwa kazoea.

Kijana hakukubali. Wako hivyo vijana, ukimwonyesha shimo akuonyesha simu. Akaitoa, akaanza kutupitishia picha za minada, na hapo, wallahi, tukasahau ya tarumbeta, tukabaki midomo wazi.

Kuna jozi ya bastola, zote mbili za dhahabu, zimepambwa lulu na enameli, kazi inayohusishwa na ndugu Rochat wa Uswisi, karibu mwaka 1820. Ukivuta kifyatulio, risasi haitoki. Mdomoni mwa bastola hutoka ndege mdogo kama ncha ya kidole, atikisa mbawa, ageuza kichwa, aimba wimbo mzima, kisha arudi ndani alale. Zilipigwa mnada na Christie's kule Hong Kong mwezi Mei 2011. Bei? Kunywa kahawa kwanza. Zaidi ya dola milioni 5 na nusu. Kwa kima cha leo ni zaidi ya shilingi milioni 700, kwa bastola isiyoua hata mbu. Mama wa mahamri, aliyekuwa akipita na beseni lake, akainama akaitazama picha, akauliza, "Na huyo ndege, angalau ataga?"

Hilo swali halijajibiwa mpaka leo.

Kijana akazidi kupitisha. Ndugu wawili wa Marekani, Bob na Paul Milhous, walikusanya kwa miaka na miaka: magari ya zamani, vinanda vya maonyesho vinavyojipiga vyenyewe, hadi bembea nzima ya kuzunguka. Februari 2012 wakauza, kule Boca Raton, Florida. Siku mbili. Dola milioni 38. Nikasema nirudie hesabu, labda macho yamenidanganya. Hapana: karibu shilingi bilioni tano, nyundo ya dalali yapanda na kushuka kama mchi kinuni. Miongoni mwa mashine ambazo wakusanyaji huzililia kuna moja iliyoundwa na Ludwig Hupfeld wa Leipzig mwanzoni mwa karne iliyopita. Chini ni piano. Juu, ndani ya kabati, zimesimamishwa fidla tatu wima, zimezungukwa na upinde wa duara wenye nywele za farasi zaidi ya elfu moja. Upinde wazunguka, fidla zasogezwa zikauguse, karatasi yenye matundu yapita na kuiamuru kila noti. Hakuna mtu kitini. Hakuna mkono. Kinanda chalia chenyewe usiku kucha na hakiombi chai.

Nisikufiche, mimi naustahi ufundi huo. Aliyekaa akapanga visindano maelfu kwenye silinda ya shaba, kila kimoja kikipita kigonge jino lake kwenye kitana cha chuma kwa wakati wake, huyo si mtu wa kubezwa. Mtengeneza saa wa Geneva, Antoine Favre, ndiye aliyelitoa wazo la kitana hicho mwaka 1796, na vijiji vya milimani huko Uswisi, kama Sainte-Croix, vimekula kutokana nalo vizazi na vizazi. Kinachonitoa pumzi ni sisi tunaozisikia bei hizo tukadhani kila chenye mpini ni mali. Kijana hakuambiwa kwamba kule mnadani wanapima kama wapimavyo dhahabu: je, vipande vyote ni vya asili? Jino gani la kitana limevunjika? Kimewahi kupakwa rangi upya? Kimepita mikononi mwa nani? Hakuambiwa kwamba bei ya nyundo si ya mwisho, mnunuzi huongezewa ada ya nyumba ya mnada, mara nyingi robo au karibu yake, na muuzaji naye akakatwa ya kwake. Wala kwamba wakusanyaji wengi sasa ni wazee, na wakishafariki, watoto wao hawana pa kuweka kinanda cha uzito wa tani. Yeye aliona namba tu. Namba ni kama bahari ya Diani saa ya maji kupwa, waiona imetulia ukadhani utavuka kwa miguu hadi kwenye mwamba na kurudi.

Hapo mzee mwingine, ambaye kila jambo kwake ni la majini, akadai kinanda kinachojipiga bila mtu ni sihiri, na kwamba wazungu wameyafunga mashetani ndani. Nikamwambia, baba, staghfiru. Miongoni mwa wa kwanza kuandika namna ya kuunda kitu hicho walikuwa Waislamu wenzako. Wana watatu wa Musa bin Shakir, Muhammad, Ahmad na Hasan, wa Baghdad, karne ya tisa, waliacha maelezo ya chombo cha kupuliza kinachojipiga chenyewe kwa nguvu za maji, na silinda yenye vijino vya kufungulia matundu. Majini hawamo. Maji tu.

Na hapa kwetu pwani vinanda vya namna hii havikuanza leo. Sayyida Salme, bintiye Sultani Said wa Unguja, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akaja kuolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, aliandika kumbukumbu zake zikachapishwa mwaka 1886. Asimulia jioni za jumba la babake: mara huzungushwa kinanda kikubwa cha mpini kilichotoka Ulaya, mara huitwa kipofu mmoja aitwaye Amra, mwenye sauti ya kupendeza, awaimbie. Mashine na mwanamke, jioni moja huyu, jioni nyingine kile. Angalau Sultani alikuwa na akili ya kuviweka vyote viwili!

Sisi je? Nikueleze nilichokiona Desemba iliyopita kwenye hoteli moja ya ufuoni, jina silitaji. Kundi la sengenya lilikuja kucheza, watu wazima kumi na wawili na ngoma zao, upatu wao, nzumari yao, njuga miguuni, wametoka bara ya Kinondo kwa matatu. Walipiga saa mbili. Yule wa nzumari mashavu yalivimba kama chewa, pumzi haikatiki, hata mimi niliyezaliwa nazo ngoma hizo nilisimama. Wakalipwa nauli na soda. Soda! Wakati huohuo, pale mapokezi, juu ya meza ya mninga, kulikuwa na gramafoni ya tarumbeta la shaba, nduguye huyu wa kijana wetu, na ndani ya tarumbeta wametia maua. Wageni walipanga foleni kupiga nayo picha. Nikazungusha mpini. Ukazunguka bila kushika kitu: hamna springi. Chombo bubu kimekalishwa mezani na kupambwa, na anayelia kwa pumzi yake mwenyewe anakunywa soda amesimama jikoni. Mmh! Mmh! Wewe wasemaje?

Halafu mtu huniambia, lakini mzee, hivyo vinanda vya dola milioni sisi vyatuhusu nini? Vyatuhusu, yakhe. Piano yataka vipande vya kufunikia vibonye. Vilitoka wapi? Huko Connecticut, Marekani, kuna mji mpaka leo waitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe, na jirani yake Deep River. Viwanda vya Comstock, Cheney na vya Pratt, Read vilikata huko pembe za ndovu zikawa vibamba vyembamba vya vibonye, na maajenti wao wa kununua pembe walikaa Unguja. Pembe hizo zilibebwa kichwani na begani kutoka bara mpaka pwani, na miongoni mwa waliozibeba walikuwamo watumwa. Misafara ilishukia Bagamoyo, Pangani, Mombasa, na hapa kwetu Vanga. Ilipofika 1923 zaidi ya nusu ya piano zilizotengenezwa Marekani zilikuwa za kujipiga zenyewe. Fikiri hilo. Ndovu kauawa, mtu kavunjika mgongo kubeba, bahari imevukwa, ili kibonye kivae pembe, kisha hakuna hata kidole kinachokigusa. Chazama na kuinuka chenyewe kwa amri ya karatasi. Basi ukiiona piano kuukuu ya Kimarekani mnadani, yenye vibonye vya pembe halisi, usidhani ni ya mbali. Na siku hizi pembe hiyohiyo ndiyo inayowatatiza wauzaji, kwa sababu tangu 1989 mataifa yamepiga marufuku biashara yake ya kimataifa, na piano yenye pembe haivuki mpaka kirahisi.

Naona watazama saa. Kaa, bado sijafika penye uchungu.

Jumatano tulimsindikiza kijana kwa bibi yake Msambweni. Alitaka kumwonyesha bibi mali yake mpya, apate dua kabla ya kuitafutia mnunuzi. Sisi wawili, mimi na mzee wa Ramisi, tukaenda tu kwa sababu ya pweza wa Msambweni, siwezi kukataa. Bibi katukaribisha ukumbini. Mwanamke wa miaka themanini na kitu, kajifunga leso mbili, macho makali kuliko ya wajukuu wote. Kijana akafunua tarumbeta. Bibi akalitazama. Akaniuliza mimi, si yeye, "Hili ni la kuchotea nini?"

Kijana akaeleza: gramafoni, bibi, ya zamani, ya thamani. Bibi akatulia kidogo, kisha akasema polepole, "Kama ile ya babu yako?"

"Ipi ya babu?"

"Ile nyeusi. Uliyompa mtu wa mizani mwaka juzi, ulipokuja kunisafishia ghala."

Nilimtazama kijana. Rangi ilimtoka. Alikumbuka. Alilibomoa lile sanduku kwa nyundo, akatoa chuma, akaacha mbao ziwe kuni, na mtu wa vyuma kuukuu akampimia kilo nne, kila kilo shilingi 40. Shilingi 160! Gramafoni ya mkoba iliyokuja nyumba ile na marehemu babake baba, aliyefanya kazi bandarini Kilindini, iliyofanya kazi mpaka siku ilipovunjwa, iliondoka kwa bei ya mahamri na chai. Kisha mtu yuleyule akatoa elfu 38 kununua mabaki ya gramafoni ya mtu mwingine yaliyovishwa shaba. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Huyu kauvunja mbacha kwa nyundo, na msala aliokwenda kuununua ni wa plastiki.

Mzee wa Ramisi hakusema neno. Alikaa kwenye kigoda akafunika uso kwa kofia. Mimi nikaomba maji ya kunywa, koo limekauka.

Bibi akanielekeza mtungini. Mtungi wa udongo umekaa pembeni kwenye mchanga wake, kata juu, na mfuniko mweusi wa duara. Nikauinua. Ulikuwa mzito kuliko sahani, na vidole vyangu vikahisi mistari, myembamba, imezunguka, imezunguka. Nikauchukua hadi mlangoni penye mwanga. Ewe Mola wangu. Santuri. Karatasi ya katikati imeliwa na unyevu, imebaki alama ya duara tu na nambari zilizochongwa karibu na tundu. Nikauliza, bibi, ziko nyingine? Akasema zilikuwa sanduku zima. Moja iko juu ya mtungi wa jirani, watoto walizirusha nyingine uwanjani waone ya nani itafika mbali, na mbili ziko jikoni zinawekewa sufuria.

Hapo ndipo uchungu uliponishika, na sikuuficha mbele ya mwenye nyumba. Wajua santuri za namna ile zilibeba nini? Mwaka 1928 HMV ilimpeleka Siti binti Saad Bombay, yeye na wenzake, akaimba kwa Kiswahili mbele ya mashine. Binti wa Fumba, Unguja, aliyezaliwa 1880, aliyeuza vyungu kwa kuvitembeza, sauti yake ikarudi kwenye meli ikiwa ndani ya vibao vya lakiri, ikasambaa pwani yote. Kampuni nyingine zikafuata mbio kurekodi huku. Shaaban Robert akamwandikia kitabu cha wasifu wake. Watu ambao hawakumwona Siti kwa macho walimsikia ukumbini mwao, wakajua nani kamsema nani, nani kadhulumiwa mahakamani, yote kwa ncha ya sindano ya chuma inayobadilishwa kila upande wa santuri. Na baadaye hapa Mombasa wakaja wenye tashkota, ile ala ya Kijapani iliyovumbuliwa Nagoya mwaka 1912 na Morita Goro, ina vibonye kama vya taipureta. Ilifika kwetu kwa njia ya bahari ikawa ya arusi zetu, mpaka mwimbaji kama Zuhura Swaleh akasikika nayo duniani. Tashkota ngapi leo ziko juu ya makabati ya Likoni, nyuzi zimekatika, zinasubiri mtu wa mizani?

Tatizo si umaskini, usiniambie umaskini. Kijana alikuwa na elfu 38.

Na wanunuzi wapo, wanapita. Wanaingia vijijini na pikipiki, wanauliza kina mama: mna saa ya ukutani, mna sanduku la Kihindi, mna kinanda cha mpini? Wanatoa mia tano. Mama anafurahi. Naomba mjue sheria, nyinyi mnaonisikiliza. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 yasema kifaa chochote kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895, kitabu na hati zikiachwa kando, ni kitu cha kale, na hakitoki nje ya nchi bila kibali. Haijalishi kilitoka Geneva au Leipzig. Kikiwa kilishuka jahazini Gazi au Vanga kabla ya mwaka huo, ni turathi ya hapa. Na tuwaulize jamaa zetu Wagiriama yaliyowapata kwa vigango, nguzo za ukumbusho wa wazee wao. Ziliibwa mahali zilipokuwa zimesimikwa, zikauzwa kwa watalii na wenye maduka ya sanaa, zikavuka Atlantiki mpaka majumba ya makumbusho ya Marekani. La Denver lilikubali mwaka 2014 kurudisha 30. Thelathini! Kutoka nyumbani kigango kilihitaji usiku mmoja na panga. Kurudi kulihitaji miaka, mawakili, barua, na watafiti waliokaa na familia kuuliza ni cha nani.

Turudi Msambweni. Tuliomba ruhusa ya bibi, tukaondoka na santuri ile ya mtungi na zile mbili za jikoni, bibi akapewa mfuniko mzuri wa mbao badala yake. Kijana alitaka papo hapo kuipiga kwenye tarumbeta lake. Mzee wa Ramisi akamzuia mkono. Mkono ule ni mzito, sindano ile ni butu, ungechimba mifereji kwenye santuri na sauti ingeondoka na unga. Kumbe yeye mwenyewe, mzee huyu mkimya, anayo ya mkoba chini ya kitanda chake, nyeusi, ya marehemu babake, anaitia mafuta kila mwaka baada ya mwezi wa Ramadhani, na ana kopo zima la sindano. Miaka yote tumekaa naye kwenye ubao huu na hakuwahi kutaja.

Jana aliileta. Bibi naye aliletwa na mjukuu wake kwa matatu, tukampa kiti chenye mgongo. Mzee akazungusha mpini polepole, akaweka sindano mpya, akaachia breki. Kwanza mkwaruzo, mkwaruzo mrefu kama mchele unapepetwa. Kisha fidla. Kisha dumbaki. Kisha sauti ya mwanamke, nyembamba, ya puani kidogo, imekaza kila herufi. Bodaboda zilizima injini. Mama wa mahamri alitua beseni. Bibi alikaa ametazama chini, midomo yaenda pamoja na maneno, na wimbo ulipokatika, dakika tatu tu, alisema ulipigwa siku ya arusi yake, na kwamba mumewe aliuazima kwa rafiki yake wa Gazi na hakuwahi kuurudisha. Kijana aliurekodi kwenye simu. Kwa hilo namsifu, na nilimwambia hivyo mbele ya watu.

Tarumbeta la shaba bado liko kwake. Mnunuzi wa milioni tatu hajapiga simu.

Sasa nakuomba wewe, na umwambie na jirani. Kuanzia Tiwi, Bongwe, Kinondo, Gazi, Msambweni, Ramisi, Shimoni, Funzi, mpaka Vanga, nyumba zenye ghala na mama mkongwe ndani. Kabla hujamwita mtu wa mizani, inua kilicho juu ya mtungi. Ukiwa na santuri, tashkota, sanduku la muziki, hata kipande chake, usikiuze kwa mpita njia. Fort Jesus wapo watu wa makumbusho wa kukuangalizia, na Nairobi wapo Ketebul Music ambao kazi yao ni kuhifadhi muziki wa nchi hii. Au njoo hapa. Kila Ijumaa baada ya sala, gramafoni ya mzee wa Ramisi itakuwa chini ya mwembe huu. Santuri ifute vumbi kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, uikaushe kivulini. Spiriti usiiguse kabisa: spiriti huyeyusha lakiri, na sauti haitarudi.